Miaka yote hiyo aliniita dada

Ukipita vijijini kwetu, upande wa Masasi, kusini mwa Tanzania, ukamwona mwanamke wa miaka hamsini na kitu amempakata mtoto mchanga, na pembeni yake kuna binti wa miaka 16 anafua nepi bila kuinua macho, usihangaike kuuliza. Watu wote wanajua. Na kwa sababu wote wanajua, hakuna anayesema. Mimi nilikuwa binti wa namna hiyo. Mtoto niliyemzaa mwaka 2009 alikua akimwita mama yangu mama, na mimi akiniita dada, mpaka alipofika darasa la saba.

Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika haya, na nimemwomba ruhusa mwanangu kwanza. Amesema niandike, ila nisimtaje jina.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kata. Ilikuwa miaka ambayo shule hizo zilijengwa kwa kasi kila mahali. Wazazi walichangia tofali na nguvu zao, na kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima wa kawaida aliona sekondari kwa macho. Lakini yetu ilikuwa kata ya jirani, mbali, na bweni halikuwepo. Wasichana watatu tulipanga chumba kimoja mtaani. Wazazi walituletea unga na dagaa mwisho wa mwezi, vingine tulijitafutia. Yeyote aliyekuwa na nia mbaya alijua tunalala wapi, na kwamba hakuna mtu mzima nyumba ile. Msimu wa korosho ulipoanza wakaja wanunuzi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mke na watoto mkoa mwingine, alianza kutununulia mafuta ya taa na sabuni.

Shuleni tulikuwa tunapimwa mimba kila tukirudi likizo. Matroni alikuja na nesi wa zahanati, tukapangwa foleni nje ya stoo ya vifaa vya michezo, tukaingia mmoja mmoja. Ulilala juu ya meza, nesi akakubonyeza tumbo kwa vidole vya baridi. Yule aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliona sura ya nesi kabla sijashuka mezani, na mpaka mapumziko shule nzima ilikuwa na habari. Barua niliyopewa ilisema nimefukuzwa kwa kosa la kimaadili. Baadaye sana niliitafuta kanuni yenyewe, ile ya 2002 ya kufukuza wanafunzi. Inataja makosa dhidi ya maadili, inataja mwanafunzi aliyeingia katika ndoa. Mimba haikutajwa popote. Wasichana maelfu walirudishwa nyumbani kwa tafsiri ya walimu wakuu na maofisa.

Yule mwanamume hakupelekwa polisi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilikuwa tayari imesema msichana wa chini ya miaka 18 hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30 au zaidi. Wazee walikaa, wakayamaliza nyumbani. Alitoa fedha na mabati. Mabati hayo mpaka leo yako juu ya nyumba ya mjomba wangu, na mvua ikinyesha nikiwa kule sipendi kuisikia.

Naomba nieleze kidogo kuhusu mjomba, maana asiyetoka kusini anaweza asielewe. Sisi ni Wamakua. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu ya watoto wa dada yake ni mjomba. Kwa kimila, basi, mwanangu hakukosa ukoo hata dakika moja. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa hai wakati ule, alisema tu kwamba mtu anazaliwa, ukoo unaongezeka, na akaendelea kupepeta mtama wake. Hakuona msiba wowote. Aibu haikutoka kwa wazee wa zamani kama tunavyopenda kusema. Ilitoka shuleni, ambako msichana mwenye mimba alikuwa ni doa la shule, na ilitoka kanisani, ambako mama yangu alikuwa kiongozi wa akina mama na alijua fika kwamba mabinti waliozaa nyumbani walitengwa meza ya Bwana mpaka watubu mbele ya watu. Sikuwahi kuona mwanamume akisimamishwa pale mbele kwa kosa hilohilo.

Mjomba alitaka niolewe haraka. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu: msichana wa miaka 15 aliweza kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, na kwa wa miaka 14 mahakama iliweza kutoa kibali. (Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipovipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu mwaka 2016 akashinda, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019, nilikaa chini nikalia, mtu mzima kabisa, katikati ya watu.) Mama alikataa. Hakubishana na kaka yake, alimwambia tu, "Huyu atasoma, kaka. Mtoto atakuwa wangu."

Hapo ndipo uongo wetu ulipozaliwa. Nataka hili lieleweke vizuri. Mama hakunificha kwa kunichukia. Alijua mama wa mtoto hapokelewi darasani, lakini dada wa mtoto anaweza kupokelewa, wilaya nyingine, ambako hakuna anayemjua. Siri ndiyo iliyokuwa ada ya shule.

Nikapelekwa kwa mama mdogo Nachingwea mpaka nilipojifungua. Nyumbani mama akaanza kuvaa madera mapana na kulalamika miguu. Tulirudi usiku kwa basi, yeye akiwa na mtoto kifuani, mimi nyuma na begi. Asubuhi majirani wakaja kumpongeza kwa kujifungua uzeeni. Wakaleta sukari na sabuni. Wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakasema mtoto kafanana na dada yake.

Mwili haukujua mpango wetu. Nilinyonyesha usiku, na mchana wageni wakija nilitakiwa kuwa jikoni. Mama alikaa ukumbini na chupa ya uji mwepesi. Mtoto akilia, maziwa yanashuka. Hakuna namna ya kuyazuia. Nilikunja khanga mara nne nikaibana kifuani kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unasonga ugali, na bado nilihisi unyevu unapita. Siku moja shangazi mmoja aliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akaona. Hakusema kitu. Alivua khanga yake ya juu, akanifunga shingoni kama anayenizuia na baridi, akachota maji yake akatoka. Nimesoma maandiko mengi ya kuwasaidia wasichana tangu siku ile, na sijakutana na jambo lililonisitiri kuliko hilo.

Kliniki ilikuwa tabu nyingine. Kadi ilikuwa na jina langu, kwa sababu nesi wa hospitali niliyojifungulia aliandika alichokiona. Tangazo la kizazi nalo, ile karatasi unayopewa ukitoka na mtoto, lilikuwa na jina langu. Mama alivifunga vyote kwenye mfuko wa nailoni, akavichimbia chini ya pipa la mbegu za karanga. Akampeleka mtoto kubatizwa, na cheti cha ubatizo kikatoka na jina lake yeye na la baba yangu. Kwa hiyo tangu mwanzo mtoto alikuwa na karatasi mbili zinazopingana, moja juu ya kabati, nyingine chini ya pipa.

Alipoanza kusema, aliniita mama. Watoto wengi humwita hivyo yeyote anayewalisha. Bibi yake akamrekebisha, "Huyo dada. Sema dada." Akasema dada. Wote waliokuwepo wakacheka na kumpigia makofi, na mimi nikapiga makofi.

Shule haikupatikana. Ada ya shule binafsi ilitushinda, na shule za serikali zilitaka barua ya uhamisho ambayo sikuwa nayo. Nikaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Kwa mama mwenye nyumba nilieleza kwamba sina mtoto, kwa kuwa aliyenipeleka alinionya kwamba wenye watoto hawachukuliwi. Nililea watoto wa watu nikijua wimbo gani unawalaza, na wangu nilimwona Krismasi. Nilipopata nafasi ya jioni nikasoma mtihani wa QT, ule wa kumfungulia aliyekatisha sekondari njia ya kufanya kidato cha nne, kisha nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sitaki kuirefusha sehemu hii. Ilikuwa miaka ya uchovu, nilianguka masomo, nikarudia, nikapita. Halafu nikajifunza ushonaji mpaka nikawa mwalimu wake.

Juni 2017, Rais John Magufuli akiwa Chalinze alisema katika utawala wake hakuna aliyezaa atakayerudi shuleni. Nilisikia kwenye redio ya dukani, nikiwa na wasichana wawili niliokuwa nawafundisha kukata gauni. Mmoja wao alikuwa na mtoto. Aliendelea kukata, mkasi ukapita nje ya chaki. Wakati huo Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha wasichana darasani tangu 1994, na hata Zanzibar, ndani ya nchi hiyohiyo, ilikuwa imeshaanza kuwaruhusu. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba katazo limeondolewa. Nilifurahi kwa moyo wote. Na nilijua palepale kwamba waraka unafungua geti la shule tu. Kule ndani ya nyumba, kwenye kabati na chini ya pipa, haufiki.

Kwetu kilichofika ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2022 mwanangu alikuwa darasa la saba, na mwalimu alitaka kila mtoto alete cheti, majina yaende sawa kwenye usajili wa mtihani. Tukaenda wilayani, mama na mimi. Ofisa alikuwa kijana mpole. Akaomba vielelezo. Mama akatoa cheti cha ubatizo. Kijana akauliza tangazo la kizazi, mama akasema lilipotea kwenye mvua. Basi, akasema, mzazi ataapa. Mama akawa tayari kuapa.

Nilimtazama mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kumdhulumu mtu hata kibaba cha mchele, akinyoosha mkono kuchukua Biblia ili aape uongo kwa ajili yangu. Nikafungua mkoba nikaweka tangazo mezani. Nilikuwa nimelichimbua alfajiri, sikumwambia. Kijana akasoma, akaangalia karatasi zote mbili, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama wa mtoto ni yupi?"

"Ni mimi."

Jina la baba hatukuandika. Mtoto akizaliwa nje ya ndoa haliandikwi mpaka mwenyewe akubali, na hata angekubali mimi nisingetaka. Babu yake akabaki kuwa jina la tatu, kama lilivyokuwa shuleni.

Njiani mama hakuniongelesha. Jioni nilimwita mtoto nyuma ya nyumba, pale kwenye mkorosho, bibi yake akiwa karibu, nikampa cheti asome mwenyewe. Alikisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Akasema anajua. Alijua tangu darasa la nne. Wasichana wakubwa walimwambia bombani, walipogombana kwenye foleni ya maji.

Nilidhani ningekuwa nampa habari. Yeye ndiye aliyekuwa ameibeba miaka mitatu peke yake, akituangalia tunavyoigiza. Halafu akauliza kitu ambacho bado nakisikia: "Aliyekuwa anafichwa ni wewe au ni mimi?"

Mama akajibu haraka, "Nilikuwa nawaficha wote wawili. Nyote wanangu."

"Mbona sasa watu wote wanajua, isipokuwa mimi?"

Hatukuwa na jibu. Alichokuwa anakisema ni kweli tupu. Kijiji kilijua. Shangazi wa khanga alijua, nesi alijua, mchungaji nadhani alijua. Siri yetu haikuwa imemzuia mtu yeyote kujua. Ilimzuia mtoto mmoja tu asiwe na wa kumuuliza. Akitaniwa bombani, hakuweza kurudi nyumbani kulia, maana nyumbani ndiko swali lilikokatazwa. Mimi nilipotukanwa nilijua natukanwa kwa nini. Yeye alidhani kuna kitu kibaya ndani yake, kibaya kiasi kwamba mama mzazi hawezi kukiri.

Hakunikumbatia, na sikutegemea anikumbatie. Kwa wiki nyingi hakuniita chochote. Akitaka chumvi alikuja akasimama mbele yangu mpaka nimwone, ndipo aseme. Kwenye simu alianza moja kwa moja, "Kuna mkutano wa wazazi Ijumaa." Dada lilikuwa limekufa na jingine halijaja. Nilimwacha. Mtu aliyeambiwa aseme dada akapigiwa makofi ana haki ya kukaa kimya mpaka achague mwenyewe. Lilikuja alipoanza kidato cha kwanza, mwaka 2023, katikati ya habari ya sare na daftari, akalipita bila kusimama, na mimi nikalipita vilevile. Na bibi yake, mtoto bado anamwita mama. Sijamwomba abadilishe. Yule ndiye aliyekesha naye akiwa na malaria, mimi nikiwa Dar nalaza watoto wa wengine.

Sasa nafundisha ushonaji katika chuo cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi viko 54 nchi nzima, na vingi siku hizi vina sehemu ya kulelea watoto, mama akiwa darasani mtoto yuko chini ya mwembe na mlezi. Ukitaka kujua kama nchi imeamua kweli kumrudisha msichana masomoni, usiangalie geti, angalia kama kuna huyo mlezi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wameshawahi kupata mimba. Mwaka 2015 walikuwa 27. Wamepungua, ila darasa langu bado linajaa.

Mwaka jana alikuja binti na mtoto wa miezi michache. Kwenye daftari la mlezi akaandika kuwa ni mdogo wake, mama yao anaumwa. Saa nne nilimwona kwenye cherehani, khanga imekunjwa mara nyingi, imebanwa kifuani kwa kiwiko. Mlezi alikuwa anambembeleza mtoto nje na mtoto analia. Nilimwambia aende stoo, achukue kiti changu, afunge mlango, mtoto ataletewa. Akatetemeka, "Mwalimu, mama kanikataza." Nikamwambia najua mama kamkataza, na kwamba mama yake anampenda, hayo mawili yanakaa pamoja.

Baada ya siku chache mama yake alinipigia simu akiwa mkali. Aliniuliza nimemwambia nini binti yake, na kama nitamwoa mimi watu wakimkimbia. Nilimwacha aseme mpaka hewa ikamwishia. Halafu nikamweleza yangu, bila kuficha, pamoja na lile swali la nyuma ya nyumba. Nikamwambia, shikamoo yako naitoa kwa moyo, wewe mlee huyo mjukuu, mbebe mgongoni, mpeleke kanisani, mlishe, mfanye kipenzi chako, binti asome. Usichukue jina tu. Mtoto akimwita bibi yake mama kwa mapenzi hakuna ubaya, ubaya ni pale anapokatazwa kumwita mwenye jina lake. Akauliza majirani je. Nikamuuliza kuna jirani gani asiyejua. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Aliuliza kama tangazo la kizazi alilolichana linaweza kupatikana tena. Nikamwambia arudi hospitali aliyojifungulia binti, waangalie kitabu chao cha wazazi, na achukue kadi ya kliniki. Mtoto yuko chini ya miaka mitano, kwa hiyo cheti chake kinatolewa bure zahanati au ofisi ya kata, hakuna haja ya kwenda wilayani. Binti mwenyewe aende nacho, kwa sababu atatakiwa kutaja jina lake.